Kisiwa Kilivuka Chenyewe

Kru, kru, kru. Kulikuwa na mtu anatafuna nyuma ya ukuta wa jikoni, polepole, kama asiye na haraka ya kwenda popote. Halafu kimya kidogo. Halafu chafya.

Kavata alifungua macho gizani. Panya hapigi chafya namna ile. Upande wa pili wa chumba, kwenye kitanda cha kamba, susu yake Kavindu naye alikuwa macho. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na minne, na usingizi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa kuku.

"Kuna mgeni anakula maganda yako ya ndengu," susu akasema. "Nenda umsalimie."

Kavata akajifunga leso, akawasha tochi ya simu, akazunguka nyuma. Mbuzi watatu waliinua vichwa pamoja. Mbele alisimama beberu mweupe ambaye pembe yake moja ilipinda mpaka sikioni, ungedhani anapokea simu. Nyuma yake palikuwa na mbuzi mwekundu aliyehasiwa, mnene kama gunia, na jike mmoja mweusi mwenye ndevu. Sikio la kushoto la kila mmoja lilikuwa na mkato wenye umbo la mkia wa mbayuwayu.

Kavata hakuhitaji tochi kuwatambua.

"Waziri," akamnong'oneza yule beberu. "Nani amekutuma?"

Waziri akamlamba kiganja, kisha akarudi kwenye maganda.

Hao walikuwa mbuzi wa Gedion, na Gedion alikuwa mchungaji wa kisiwani. Chini kidogo ya nyumba ya kina Kavata, mto Athi ulijigawa mara mbili ukakizunguka kipande cha ardhi chenye migunga na nyasi ndefu. Upande mmoja ni Makueni, upande wa pili ni Kitui. Kwenye kisiwa hicho Gedion alichunga mbuzi wa familia yake, jirani na Maalim, Msomali wa makamo aliyeteremka na ngamia wake kutoka kaskazini mwaka wa ukame na akasahau kurudi. Kisiwa chenyewe hakikutulia. Kila mvua ilikimega kichwa na kukiongezea mkia, na kila msimu wanaume hao wawili walikata miiba upya na kuhamisha maboma yao kuelekea juu. Walikuwa wamezoea, kama mtu anavyozoea kusogeza kitanda paa likivuja.

Kavata alimjua Gedion kupitia kisima. Wakati wa kiangazi wanawake huchimba mchanga wa mto mpaka maji yatokee. Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, alikuta kisima chake kimechimbwa zaidi na kuzungushiwa miiba ili mifugo isikichafue. Visima vya wengine havikuwa na kitu. Aliuliza, hakuna aliyejua. Akatazama ng'ambo, akaona kijana mrefu akiwa amewageukia mbuzi wake kwa bidii nyingi mno, na panga mkononi.

Hakumwambia asante. Kesho yake alikuja na maganda ya ndengu kwenye kiondo, akawapa mbuzi wake walipokuja kunywa. Akafanya hivyo siku iliyofuata, na nyingine tena. Watatu wenye ulafi kuliko wote wakajifunza kumsubiri. Baada ya mwezi, mwenye mbuzi naye akajifunza.

Shida ilikuwa baba yake.

Mzee Jonah alikuwa shemasi wa kanisa, mjane, na mtu ambaye neno lake likishatoka halirudi hata kwa kuvutwa. Gedion alipotuma watu kuuliza, mzee aliwajibu mbele ya waumini wote, ibada ikiwa imeisha na chai inanywewa. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye ardhi yake huondoka na maji. Wale watu wakambembeleza, naye akacheka, akasema maneno ambayo soko zima la Kathonzweni liliyajua kabla ya jioni:

"Siku kisiwa chake kitakapovuka chenyewe kije huku kwetu, nitakaa chini tuongee."

Hiyo ilikuwa Machi. Aprili mto ulijaa kuliko miaka yote. Maji yalipopungua, watu wa pande zote mbili walisimama kingoni wakashika midomo. Mkondo wa upande wa Kitui ulikuwa umechimbika mpaka haufikiki chini. Ule wa Makueni ulikuwa umejaa mchanga mtupu. Kufikia Agosti mtu aliweza kutoka kisiwani hadi uani kwa shemasi bila kulowesha soksi.

Mzee Jonah aliacha kupita njia ya mtoni. Kisha, kwa haraka kidogo, akaanza kumsifu Kiilu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kathonzweni, kijana mwenye mabati na misumari na adabu. Kiilu alikuwa ameahidi kuleta ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hajasema ameposa hata akija na bendi. Kavata alisema hataki. Baba yake alisema mbuzi waje kwanza, mengine yatazungumzwa. Lakini kila mtu alijua mbuzi wa ntheo wakishapokelewa na mmoja akachinjwa, hakuna mengine ya kuzungumzwa.

Na siku waliyopanga kuja ilikuwa leo, alfajiri, kwa pikapu ya Mulinge.

Kwa hiyo Kavata alikuwa bado amemshika Waziri pembe, akitafuta namna ya kuwarudisha mtoni, baba yake alipotokea na shuka begani. Hakuwa na miwani. Ilikuwa imebaki kanisani tangu Jumapili ndani ya kitabu cha nyimbo, na kwa siku nne mzee alikuwa akiiona dunia kama mtu aliyezamisha uso kwenye maji ya mchele.

"Wamefika?" akauliza.

Kavata akafungua mdomo.

"Ni watatu," susu akajibu kutoka mlangoni, kwa kuwa ni kweli walikuwa watatu.

Mzee akawasogelea. Akampapasa yule mwekundu mgongoni, mbavuni, mkiani, uso wake ukaanza kung'aa. Alisema hajawahi kuona mbuzi walioletwa kwa heshima kama hii, mapema, bila kelele, bila kutaka kusifiwa. Alisema kijana anayelisha mifugo yake hivi hawezi kumlaza mke njaa. Kisha akavua kofia, akashika pembe ya Waziri kwa mkono mmoja, akaomba kwa sauti.

"Bwana, aliyewaleta mbuzi hawa wamjua wewe kabla hajazaliwa. Mfanye awe mwanangu. Na mimi nisiwe na neno juu yake. Amina."

"Amina," susu akasema kwa nguvu.

Kavata hakusema amina. Alijua kwamba neno moja tu lingetosha, "Baba, hawa ni wa Gedion," na alilihisi neno hilo kwenye ulimi kama punje ya mchanga. Lakini alitazama mkono wa baba yake juu ya pembe ile iliyopinda, akatazama uso wake wenye furaha, akafikiri: acha nione tu, kwa dakika moja, ingekuwaje. Dakika ikapita, ikafuatwa na nyingine. Susu akaleta maji kwenye karai na chumvi kidogo, akisema mgeni ni mgeni hata akiwa na kwato. Jirani Mutisya akaitwa na kisu chake. Jua lilipotokeza juu ya vilima, yule mwekundu alikuwa ameshaingia kwenye sufuria.

"Susu," Kavata alinong'ona wakikata vitunguu. "Tumefanya nini?"

"Mimi nimewapa maji. Wewe ndiye uliwafundisha njia."

Simu ya mzee ikalia karibu saa nne, wazee wawili wa kanisa wakiwa wameshafika na kukaa. Bila miwani hakuweza kuona pa kubonyeza, kwa hiyo akampa Kavata, Kavata akaiweka kwenye sauti kubwa, na sauti ya Kiilu ikatoka wazi kama redio. Aliomba radhi sana. Alisema Mulinge amekataa kubeba mbuzi, eti mara ya mwisho walimlia kiti. Alisema ameona ni heri asimsumbue mzee na mambo ya kamba na kinyesi, dunia imebadilika, atatuma thamani yao kwa simu kabla ya mchana, mzee athibitishe tu jina lake linavyoandikwa.

Sufuria peke yake iliendelea kuongea.

"Unanitumia ntheo kwa simu," mzee akasema taratibu.

"Ndiyo, mzee. Ni rahisi zaidi."

"Na hizo za simu," susu akauliza kutoka jikoni, "zitalia mee?"

Mzee Jonah akakata simu, au akadhani ameikata, kwa sababu Kiilu aliendelea kusikika akiita halo, halo, mpaka Kavata akabonyeza. Mzee akasimama. Akaenda hadi kwa Waziri aliyefungwa kwenye nguzo ya ghala, akampapasa kichwa, shingo, sikio la kulia. Kisha sikio la kushoto. Vidole vyake vikasimama kwenye ule mkato wa mbayuwayu. Hakuna mtu kandokando ya mto asiyejua mkato ule ni wa nani.

Wakati huo ndipo wawili walipoonekana wakipanda kutoka mtoni, juu ya mchanga ambao zamani ulikuwa maji. Gedion alikuwa mbele, na kamba begani. Maalim alimfuata, kikoi chake kimekunjwa magotini, na kibuyu cha maziwa mkononi.

Gedion alipofika uani akavua kofia, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akamwamkia susu kwa mikono miwili. Kavata alimsalimu mwisho, kwa macho tu, na hayo macho yakakaa muda kuliko salamu inavyohitaji.

"Shemasi," Gedion akasema, "nimepoteza mbuzi watatu. Nyayo zimenileta hapa. Naomba radhi kama wamekuharibia."

Maalim akanusa hewa. Akaitazama sufuria, akamtazama Waziri na yule jike mweusi.

"Gedion," akasema kwa upole, "nadhani tumewapata wawili."

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, na yule mwingine akaanza kuchunguza kiatu chake. Mzee Jonah alisimama katikati ya uwanja wake kama mtu aliyekamatwa kwenye ndoto akiwa hana nguo. Alieleza yote. Haikuwa rahisi kwake, lakini hakuacha hata kipande: miwani, Kiilu, Mulinge, sala, kisu. Alisema atalipa mbuzi kwa mbuzi, achague mwenyewe bomani, hata wawili.

Hapo Maalim, ambaye alimpenda Gedion kama mdogo wake, aliona mlango umeachwa wazi. Akasema hataki kuingilia mila za wenyewe. Ila kwa jinsi alivyosikia, mbuzi watatu wameingia, wamenywa maji, wameombewa, na mmoja amechinjwa mbele ya mashahidi. Na kuna maneno fulani yaliyowahi kusemwa juu ya kisiwa.

"Mzee Jonah, mimi nimehama miaka thelathini nikitafuta nyasi," akamalizia. "Nimeona watu wakihama, mifugo ikihama, hata soko likihama. Hiki ndicho kisiwa cha kwanza nimeona kikihama kutafuta mke."

Wazee wa kanisa wakacheka kabla hawajajizuia. Mzee Jonah hakucheka. Alimgeukia Gedion.

"Na wewe unasemaje? Nimekula mbuzi wako. Utaniambia sasa huyu ni mkeo?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno "ndiyo" tu, na baba yake, mtu wa neno lake, asingekuwa na pa kutokea.

Gedion alizungusha kofia mikononi.

"Hapana, mzee."

Kavata akabana kisu cha vitunguu mkononi.

"Sitaki kumpata Kavata kwa sababu mbuzi wangu ni walafi," Gedion akaendelea. "Huyu mliyemchinja ni nyama ya wageni, kuleni kwa amani, sidai. Hawa wawili nitawarudisha. Nikileta ntheo nitakuja mchana, na wazee wangu, na wewe ukiwa umevaa miwani. Na kama Kavata mwenyewe ataniita. Asiponiita, sitakuja."

Jike mweusi alianza kula ncha ya kikoi cha Maalim, naye akamwacha ale, maana haikuwa saa ya kupigania nguo.

Ndipo Kavata akaweka kisu cha vitunguu chini, akaja mpaka mbele ya baba yake.

"Baba, niliwajua tangu alfajiri. Wanakuja kwa sababu mimi huwapa maganda pale kisimani. Ulipoomba, ningekwambia. Nilinyamaza."

"Wewe? Mtoto wa shemasi?"

"Nilitaka iwe kweli," akasema, na machozi yakamtoka bila ruhusa, juu ya harufu ya vitunguu, hivyo hakuna aliyeweza kusema ni ya nini. "Nilitaka nikuone unafurahi kwa sababu yake. Hata kwa kosa."

Mzee akamtazama binti yake, au palipokuwa na ukungu wenye umbo la binti yake. Alionekana kutafuta neno la hasira na kutolikuta mahali alipoliweka. Susu Kavindu alikuwa amejikongoja hadi kwenye kigoda, akaketi, akanyoosha miguu.

"Jonah, mwanangu. Unakumbuka ntheo yako?"

"Mama, si sasa."

"Mbuzi wawili tuliazima kwa mjomba wako. Wa tatu alikuwa anachechemea. Baba yake Muthoki aliuona mguu ule, nilimwona akiuona. Watu wakaanza kunong'ona. Yeye akasema, 'Huyo hachechemei, ni mbuzi mwenye maringo.' Akampokea." Susu akafuta macho kwa ncha ya leso. "Alinyamaza ili upate mke. Na mke alikuwa Muthoki, Mungu amlaze pema. Sasa unashangaa mjukuu wake anajua kunyamaza?"

Mzee Jonah alitazama upande wa mtoni. Jina la marehemu mkewe halikutajwa mara nyingi pale nyumbani, si kwa ubaya, ila kwa sababu lilimfanya asahau alichotaka kusema. Mwishowe akavuta kiti, akakaa chini, polepole, kila mtu akisikia kiti kikilia.

"Nilisema kisiwa kikivuka nitakaa chini," akasema. "Basi nimekaa. Kaa na wewe."

Gedion akakaa ukingoni mwa benchi kama kuku wa kuazimwa.

Waliongea. Mzee alimhoji kama korti. Alitaka kujua Kavata atalala wapi mvua ikichukua boma. Gedion akasema kisiwa ni cha mbuzi. Nyumba ameianza ng'ambo, upande wa Kitui, imefika kwenye madirisha, juu ya mwamba.

"Juu ya mwamba?" mzee akarudia.

"Ndiyo, mzee. Mahali pengine ni mchanga."

Wazee wa kanisa wakatazamana. Hata shemasi asiye na miwani asingeweza kubishana na nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Akajaribu njia nyingine: je, mto ukirudi pale ulipokuwa?

"Basi nitavuka," Gedion akasema. "Si nilikuwa navuka siku zote?"

Nyama ikapakuliwa. Maalim hakula, kwa kuwa kisu hakikuwa cha desturi yake, na alikuwa akitafuta maneno ya kukataa yasiyoumiza. Hakuyahitaji. Susu alikuwa ameshachemsha chai kwenye sufuria mpya ambayo haijawahi kuingia nyama, kwa yale maziwa ya ngamia aliyoyaleta mwenyewe, akamwekea mbele na viazi vitamu. Maalim aliinamisha kichwa kidogo, susu naye akainamisha chake, na hayo yakawa mazungumzo yao ya siku hiyo.

Jua lilipopungua makali, Kavata aliruhusiwa kuwasindikiza wageni hadi ukingoni. Maalim akatangulia mbele sana na yule jike, akiimba kwa sauti ili ijulikane kwamba hasikilizi. Kavata alimkabidhi Gedion kamba ya Waziri, na vidole vyao vikachelewa kuachana.

"Uliposema hapana," Kavata akasema, "nilitaka kukupiga na sufuria."

"Niliona. Nilikuwa naangalia mkono wako."

"Na kama nisingekuita?"

Gedion akatazama mchanga, akatabasamu kwa upande mmoja. "Ningeendelea kuchimba kisima. Wewe ungeendelea kuchota. Tungezeeka hivyo hivyo, kila mtu na ukingo wake."

"Nakuita," Kavata akasema. "Umesikia? Hapa, mchana. Nakuita."

Gedion alimtazama tu, mpaka Waziri alipochoka kungoja akaingiza pua kwenye kiondo cha Kavata kutafuta maganda.

Gedion alikuwa amefika katikati ya mchanga sauti ilipomfuata kutoka juu. Mzee Jonah alikuwa amekuja mwenyewe hadi ukingoni, kwa njia ambayo hakuipita tangu Aprili, mkono mmoja kwenye bega la mama yake.

"Gedion! Sijasema ndiyo."

"Nimesikia, mzee."

"Jumamosi uje tena. Uje na wazee wako. Na mbuzi, uje nao kwa kamba."

"Nitakuja, mzee."

Mzee akageuka kuondoka, akasita, akarudisha uso kwenye ule ukungu mweupe ambao ulikuwa mchanga, na kisiwa, na kijana.

"Usiipitishe Jumamosi," akasema, kwa sauti ndogo zaidi. "Mvua zikija, mto huu hauaminiki. Njoo."